Ruhusa ya Paka

Jioni ya Jumatatu ya kwanza ya Machi 1957, jua likiwa limeshaingia nyuma ya milima lakini mwanga bado upo, paka wa kijivu aliingia sebuleni kwa Obadiah, akaketi sakafuni mbele ya kiti kitupu na kuinua kichwa. Hakutazama kiti chenyewe. Alitazama juu kidogo ya mto wa kuegemea, pale ambapo ungekuwa uso wa mtu aliyeketi.

Obadiah alikuwa mezani anamenya chungwa. Hakumfukuza, kwa sababu alikuwa hajaamua kama paka huyo anaruhusiwa kuwepo, na hakupenda kutekeleza uamuzi ambao hajaufanya. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa telegrafu wa reli, na kazi hiyo ilimfundisha kupokea kilicholetwa na waya bila kukiongezea.

Nyumba ilikuwa Voi, nyuma ya stesheni: vyumba sita vya kuta za udongo zilizopakwa chokaa, mabati juu, uwanja katikati na mfereji mmoja wa maji. Obadiah mwenyewe alikuwa mtu wa Mwanda, huko kwenye milima ya Taita. Aliijenga akiwa bado kazini, na baada ya kustaafu akaishi katika vyumba viwili vya mbele na kupangisha vingine. Mpangaji aliambiwa tangu mwanzo kwamba hapo hapafugwi mbwa, paka wala njiwa. Amri hiyo ilikuwa ya mkewe Elsie, na sababu yake ilikuwa ya kiafya. Elsie alikuwa na pumu. Manyoya ya paka yalimletea kikohozi kikavu ambacho kila mpangaji alikijua kupitia ukutani: mara mbili, kimya kidogo, kisha mara moja.

Elsie alifariki Agosti iliyotangulia. Amri ilibaki, kwa kuwa hakuna aliyeiulizia, hadi Ngina alipofungua kapu lake uwanjani siku ya Jumamosi na paka akatoka.

Ngina na mumewe Maundu, mtu wa kubadilisha njia za garimoshi, walihamia mwezi wa Januari kutoka Kibwezi na binti yao mdogo. Paka alikuwa ameachwa kwa ndugu, na sasa ameletwa kwa treni.

"Baba, panya wamekula mpaka kamba ya kitanda," Ngina alisema. "Tukilala tunaning'inia."

"Kuna mitego dukani."

"Mtego unashika mmoja, wenzake wanasimama kando wanatazama."

Hudson, fundi wa nguo aliyepanga chumba kilichopakana na sebule ya Obadiah, hakuinua macho kwenye cherehani yake. "Mpe ruhusa, Mzee. Panya wangu nimeshawashonea suruali wote, sasa wanataka koti."

Obadiah alisema atafikiri. Alikuwa bado anafikiri Jumatatu jioni, na paka alikuwa bado anatazama kiti, alipoona jambo la pili. Macho ya paka yalianza kusogea. Yaliondoka kwenye kiti, yakaelekea dirishani polepole, kwa urefu uleule, kama macho yanavyomfuata mtu anayevuka chumba. Dirishani yakatulia. Baadaye yakarudi kwenye kiti kwa njia ileile.

Obadiah aliweka chungwa chini. Alikagua ukuta akitafuta mjusi, hakukuwa na mjusi. Aliinua kitambaa cha kiti, hakukuwa na panya. Alifunga dirisha ili pazia lisitikisike, na mlango ili mwanga usibadilike. Jioni iliyofuata paka aliporudi na kuketi palepale, alijaribu kitu kingine: alikinyanyua kiti na kukihamishia pembe ya pili. Paka hakukifuata kiti. Aliendelea kutazama mahali kilipokuwa, juu, kwenye hewa. Kisha macho yake yalivuka chumba taratibu, yakafika pembeni, yakashuka kadiri ya mtu anayeketi.

Asubuhi Hudson alimkuta Obadiah mferejini.

"Pole, Mzee. Kifua kinakusumbua."

"Kifua changu ni kizima."

"Basi mgeni wako, mpe asali."

"Sina mgeni, Hudson."

Hudson alikuwa amekaa nyumba hiyo miaka minne. Alifungua mdomo aseme la kuchekesha, kama ilivyokuwa desturi yake, kisha akaufunga. "Mara mbili," alisema hatimaye. "Halafu moja. Nilidhani nimesahau kwamba amefariki."

Obadiah hakusikia chochote jioni hizo mbili, na alikuwa ndani ya chumba. Alimwomba Hudson afanye jambo moja: akisikia tena, agonge ukuta. Hudson alikataa, kisha akakubali kwa sharti kwamba mlango wake utakuwa wazi na miguu yake itakuwa nje.

Jioni hiyo paka aliingia kama kawaida. Obadiah aliketi karibu na kiti kiasi cha kuweza kukigusa. Chumba kilikuwa kimya hata alisikia mabati yakijikunja kwa kupoa. Ukuta uligongwa. Alisogeza sikio karibu na mto wa kiti. Ukuta uligongwa tena. Paka alikuwa ametega masikio yote mawili mbele. Obadiah alisikia mabati, akasikia pumzi yake mwenyewe, akasikia mkono wa Hudson kwenye udongo. Kikohozi hakukisikia.

Asubuhi Hudson alimweleza Ngina, na Ngina alikuja mlangoni kabla ya maji ya chai kuchemka.

"Baba, lile ombi langu nimelifuta. Nitampa paka mama mmoja wa huko kwenye shamba la mkonge, Mwatate."

"Nimeshaamua," Obadiah alisema. "Paka atakaa."

"Lakini mimi sitaki tena."

"Uliomba ruhusa. Nimekupa."

Ngina alimtazama aone kama anatania. "Jumamosi nilikuomba, ukasema utafikiri. Leo mimi mwenyewe namtoa, wewe unasema akae. Baba, huyu paka ni wa nani?"

Obadiah alisema kwamba ikiwa paka ni mzigo kwa Ngina, atamlisha yeye mwenyewe. Siku hiyo alinunua maziwa, akamwita paka ndani, akafunga mlango kwa komeo.

Binti wa Ngina alishikwa na homa Alhamisi hiyohiyo. Maundu alimbeba hadi hospitali, na dresa, mganga msaidizi wa hapo, akapima joto, akatazama macho ya mtoto, akasema ni malaria na kutoa vidonge. Akiona haishuki, arudi. Haikushuka. Ijumaa mtoto hakutaka uji. Jumamosi alianza kusema usingizini, na Ngina alitoka uwanjani akiwa amemfunga kifuani kwa leso, mbele ya wote.

"Anasema nyanya anakohoa," alimwambia Obadiah. "Nyanya gani? Mama yangu yuko Kibwezi, mama yake Maundu alikufa kabla ya mtoto huyu. Nyanya gani, baba?"

"Mtoto mwenye homa husema mengi."

"Nipe paka wangu."

Obadiah alikuwa mbele ya mlango wake. Hakusogea. Alisema dawa ya malaria huchukua muda na kwamba paka haingii wala hatoki katika jambo hilo. Yote mawili yalikuwa maneno ya mtu mwenye akili timamu, na mkono wake wakati wote ulikuwa juu ya komeo. Maundu alikuwa ametoka zamu, bado na taa ya kazi mkononi.

"Tutahama," alisema. "Mtoto akiweza kubebwa, tutahama. Nyumba zipo. Kaa na paka wako."

Basi la mlimani lilimshusha Mkamburi alasiri ya Jumapili. Alikuwa dada mkubwa wa Obadiah, Mkristo wa siku nyingi, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka mteremko wa pili. Alikuja na ndizi na mzigo wa miwa kutoka Mwanda kama alivyofanya kila msimu. Kabla ya kuketi alishasikia habari yote: nusu kutoka kwa Hudson, nusu kutoka kwa Ngina, na wote wawili kwa wakati mmoja. Alikwenda kumwona mtoto, akaweka kiganja kwenye paji la uso wake, kisha akaja sebuleni na kufunga mlango.

Paka alikuwa sakafuni mbele ya kiti, kichwa juu.

"Huyu anakula wapi?"

"Hapa."

"Elsie hakuweza paka."

"Elsie amefariki, dada."

"Kwa hiyo sasa anaweza?"

Mkamburi aliinamisha kichwa upande mmoja, akabaki hivyo, na uso wake ukabadilika. Aliketi kwenye benchi taratibu.

"Umemsikia," Obadiah alisema.

"Wewe humsikii?"

"Hapana."

"Utamsikiaje? Ni wewe uliyeacha kusema naye."

Hilo lilikuwa kweli, na watu wa nyumba zote mbili, ya Voi na ya Mwanda, walilijua. Julai ya mwaka uliopita mtoto wao pekee, Bernard, aliacha masomo na kwenda Mombasa kutafuta kazi bandarini. Baba alikuwa Mwanda siku hiyo. Mama ndiye aliyemfungia sanduku na kumsindikiza hadi treni, akijua kwamba mumewe angemzuia. Kuanzia jioni hiyo Obadiah alimwambia mkewe maneno ya lazima tu: maji, mlango, wageni. Hakupaza sauti hata mara moja. Agosti Elsie alishikwa na homa ya mapafu.

Watu wa Taita wanaamini kwamba hasira iliyofungiwa moyoni haihitaji kusemwa ili idhuru. Mwenye nayo anaweza asitake mabaya kabisa, na bado ikatoka na kumwangukia aliye karibu, mara nyingi mgonjwa au mtoto. Dawa yake ni kutasa: mtu hujaza kinywa maji au maji ya muwa, huyapuliza nje, na huku akipuliza hutoa hasira yake na kumtakia mwenzake heri. Wakristo wengi wameiacha. Wengine, kama Mkamburi, wanaona ni sala yenye maji.

Agosti hiyo Mkamburi aliwaletea kata ya maji wote wawili. Elsie alikuwa kwenye kiti hicho, amefunikwa blanketi. Alipuliza maji yake kwa shida, akasema moyo wake kwa mumewe umepoa, alale salama, ale ashibe. Obadiah alichukua funda lake. Alilishika mdomoni. Kisha akalimeza. Elsie aliona koo lake likipanda na kushuka. Alifariki kabla ya Jumapili.

"Mtoto ana malaria," Obadiah alisema sasa. "Dresa amemtazama."

"Ana malaria. Nani amekataa? Wampe vidonge vyote mpaka viishe. Na sisi tutase. Kwani dresa atapungukiwa?"

Alikamua muwa uwanjani, akaita watu. Maundu alipuliza kwanza, akasema alikuwa na hasira na mwenye nyumba na anaitoa, ingawa haijaisha yote. Mkamburi alimrudishia kata. "Piga nyingine." Akapiga nyingine. Ngina, ambaye kwao Ukambani hawafanyi hivyo, aliuliza aseme nini. Akaambiwa aseme kilichomo. Alipuliza, akasema alimtukana Obadiah moyoni tangu Alhamisi na anamtakia maisha. Hudson alisema hana hasira na mtu ila wateja watatu, akawataja, akapuliza mara tatu, na hata Ngina akacheka kidogo akiwa amemshika mtoto.

Obadiah alikuwa amesimama mlangoni kwake. Mkamburi alimletea kata, akaingia naye ndani.

"Nikifanya hivi, ataondoka," Obadiah alisema.

"Ataondoka. Si amekufa?"

"Paka hatakuwa na cha kutazama."

"Obadiah." Dada yake alishusha sauti, jambo ambalo hakulizoea. "Miezi yote hii mtu yuko kwenye kiti kile anangoja umalize neno moja. Na wewe unamwekea paka, akohoe, ili ujue bado yupo."

Obadiah alijibu kwa utaratibu, kama anasoma ujumbe wa mtu mwingine.

"Kila kitu kingine chake nimekigawa. Nguo zimekwenda Mwanda. Biblia yake iko kwa Bernard. Hasira hii ndiyo kitu cha mwisho tulichokuwa nacho wawili. Hakuna mwingine duniani aliye nayo. Nikiitoa, sijui kitakachobaki humu."

"Kitabaki chumba."

"Najua."

"Na mtoto wa watu yuko pale nje anaungua."

Kupitia mlango uliokuwa wazi nusu Obadiah aliweza kumwona Ngina. Alikuwa amemlaza mtoto mapajani na kumpepea kwa kifuniko cha kikapu. Mtoto alikuwa amegeuza uso upande wa sebule, macho wazi, na midomo yake ilisogea kidogo kila baada ya muda, kama mtoto anayeigiza sauti anayoisikia.

Obadiah alichukua kata. Alitia funda moja kinywani na kulishika. Mkamburi alitazama koo lake. Paka hakugeuka.

Alikwenda mbele ya kiti, akainama, akapuliza. Maji ya muwa yalitoka kwa nguvu kuliko alivyokusudia, yakaangukia sakafu na mguu wa kiti, mengine yakamfikia paka, ambaye alipepesa macho lakini hakuondoka.

"Ulimfungia sanduku," alisema. "Nilikasirika. Nilipaswa kusema siku ileile. Bernard ni mzima, ameandika, ana kazi. Mimi sina tena hasira na wewe, Elsie. Nenda salama. Moyo upoe."

Alijaza kinywa tena na kupuliza mara ya pili. Mkamburi alisema amina kwa sauti ya chini.

Yafuatayo yalionwa na watu watatu: Obadiah, Mkamburi, na Ngina aliyekuwa amesogea mlangoni na mtoto. Macho ya paka yaliinuka kwenye kiti, yakapanda hadi kimo cha mtu mzima, yakaanza kuvuka chumba. Hayakwenda dirishani. Yalipita mbele ya Mkamburi, ambaye alirudisha magoti yake nyuma. Yalipita mbele ya Obadiah. Hapo yalisimama, kwa muda ambao Mkamburi na Ngina baadaye hawakuafikiana juu ya urefu wake. Obadiah hakusikia kitu. Alisimama mikono ikiwa imening'inia, uso wake umegeuzwa kidogo upande mmoja, kama mtu anayesemeshwa kwa karibu.

Kisha macho yakaelekea mlangoni.

"Mpishe," Mkamburi alimwambia Ngina.

Ngina alibana mgongo kwenye mwimo wa mlango na kumkumbatia mtoto. Paka aliinuka, akatembea hadi kizingiti, akaketi na kutazama uwanja, mfereji, halafu lango lililo upande wa stesheni. Alitazama lango kwa muda. Hudson, aliyekuwa karibu nalo akikunja kitambaa, alisema hakuona wala kusikia kitu, ila mbwa wa jirani alikatisha kubweka.

Homa ya mtoto ilishuka usiku huo, ambao ulikuwa pia usiku wa dozi ya mwisho ya vidonge. Asubuhi aliomba uji, akaumaliza. Maundu alikwenda zamu. Hakuna aliyezungumzia kuhama.

Ngina alikuja kwa Obadiah kabla ya jua kuwa kali. Mlango ulikuwa wazi. Komeo halikuwa limefungwa. Mkamburi alikuwa ameshaondoka kwa basi la kwanza.

"Nimekuja kumchukua paka, baba. Au kama bado unamtaka..."

"Ni wako. Anaruhusiwa. Na mpangaji mwingine akitaka kuleta, aulize, tutaona."

"Lakini ile amri ya mama?"

"Ilikuwa kwa ajili ya kifua chake," Obadiah alisema.

Ngina alimwita paka. Paka alitoka chini ya meza, akapita kati yao, akanusa mguu wa kiti ambapo maji ya muwa yalikuwa yamekauka na sisimizi wameanza kuja. Kisha akaruka juu ya kiti, akazunguka mara moja, akalala.